Mtaro wa Uani kwa Balozi Kalikawe

Siku mliyoniaga pale karakana mlinipa saa ya ukutani na dakika tano za kusema. Saa nimeitundika sebuleni. Dakika tano ziliisha kabla sijamaliza kuwashukuru wapishi, ndiyo maana naandika. Vyeo nitaviruka, kwa kuwa vilikuwa vichache na havisimuliki. Mshahara nitauruka kwa sababu hiyo hiyo. Nataka kuwaeleza habari ya vitu vilivyoko chini ya ardhi, maana siku hizi nikipita Miembeni au Bakoba, hapa mjini Bukoba, naona watu wanaongeza vyumba kila upande wa nyumba, na sioni hata mmoja anayeuliza anajenga juu ya nini.

Niliajiriwa idara ya maji miezi michache kabla ya Uhuru. Siku ya kwanza nilitoka nyumbani Kagondo alfajiri, nimevaa suruali iliyopigwa pasi ikasimama, kwa kuwa nilidhani kazi ya maji ni kazi safi. Nikakabidhiwa kwa fundi mkuu, Ta Anatoli. Kwa wale mliokuja kutoka mikoa mingine, Ta ndiyo heshima tunayompa mwanamume mzima, Ma ni ya mwanamke, na waitu ni neno la upole kwa unayezungumza naye. Ta Anatoli alikuwa mfupi, mtu wa misa ya kila asubuhi, na hakuna siku niliyomwona hana punje ya kahawa kavu mdomoni. Alinitazama suruali, akatikisa kichwa, akanipa ufito wa chuma uliokaribia urefu wangu.

"Lala hapo," akasema, akionyesha kando ya barabara. "Ncha moja ardhini, ncha nyingine sikioni. Sikiliza bomba."

Nililala. Watu waliokuwa wakienda sokoni walisimama kunitazama. Mama mmoja aliuliza kama nimeanguka kifafa. Ta Anatoli akamjibu kwa Kihaya kwamba ni ugonjwa mwingine, unaitwa ajira. Akaenda zake kunywa chai. Aliporudi nilikuwa bado nimelala, vumbi limeshafika masikioni.

"Unasikia nini?"

"Nasikia maji, Tata."

"Mengi?"

"Mengi sana. Yanakwenda kwa kasi."

"Bomba hilo tulilikata na kuliziba kabla hujabatizwa," akasema. "Halina hata tone. Kesho ukija, uje na suruali chakavu na usije na uongo. Ardhi ikikaa kimya, useme imekaa kimya."

Nilitaka kuacha kazi siku ile ile. Nilikaa miaka yote mnayoijua.

Michoro ya mabomba ya mji hatukuwa nayo. Walioyalaza waliondoka na baadhi, na iliyobaki mchwa waliimaliza kabatini. Mchoro wetu ulikuwa daftari la Ta Anatoli, na humo hakuandika namba za viwanja. Aliandika "hatua kumi na nne kutoka mparachichi wa Ma Getruda kuelekea kanisani." Basi mtu akikata mparachichi wake, sisi tulipotea. Nimemwona Ta Anatoli akimpa pole mwenye nyumba kwa sababu ya mti, na mwenye nyumba hakuelewa anapewa pole ya nini.

Alinifundisha kufunga katani kwenye hesi, ile mifereji ya mwisho wa bomba, kufuata upande wa kukazia, maana ukifunga kinyume inajikunja na kutoka yote. Alinifundisha kupaka rangi nyekundu juu yake kidogo tu, si kama anayepaka siagi kwenye mkate wa mwenzake. Alinifundisha zaidi ya yote mteremko wa bomba la maji taka. Kila hatua moja ndefu, bomba lishuke inchi moja. Likilala sana, uchafu unakaa. Likisimama sana, maji yanakimbia na kuuacha uchafu nyuma, nao unakaa vile vile. "Maji taka ni kama wazee wanaotoka mkutanini," alisema. "Yanapaswa kutembea pamoja."

Uhuru ulikuja, tukacheza ngoma, tukarudi mtaroni. Miaka ikapita, ukaja ujamaa, tukaitana ndugu, na kila nyumba kumi zikapata balozi wao. Balozi ninayetaka kuwaeleza habari zake alikuwa Bakoba, jina lake Kalikawe.

Balozi Kalikawe alikuwa mwalimu kabla ya kuwa balozi, na sauti ya darasani hakuiacha. Akikusalimia, mtaa wa pili unaitikia. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu ambaye akishasema jambo mbele ya watu, jambo hilo linakuwa sheria hata kwake mwenyewe. Aliishi katika mojawapo ya nyumba tatu zilizojengwa kwa mstari na mfanyabiashara mmoja aliyekwishahama. Nyumba zote tatu zilitumia bomba moja la maji taka, la udongo wa kuchoma, lililopita nyuma ya uani hadi shimo kubwa bondeni. Chini zaidi ya shimo hilo, kando kidogo, ilikuwapo chemchemi ambamo nusu ya watu wa bondeni waliteka maji ya kunywa.

Mwaka huo balozi alitaka kuongeza vyumba viwili nyuma ya nyumba yake. Mkutanoni alisema ni ofisi ya nyumba kumi na chumba cha vikao. Mtaa mzima ulijua kwamba mama yake mzazi, aliyekuwa Muleba, macho yalikuwa yamekwisha, na kwamba mwanawe alitaka kumleta akae naye kabla mvua kubwa hazijaanza. Sijui kwa nini aliona haya kusema hivyo. Labda aliona kwamba kiongozi anapaswa kujenga ofisi.

Mwashi wake mwenyewe, kwa kuogopa, alituita tukaangalie. Tulikwenda mimi na Ta Anatoli. Kamba za msingi zilikuwa zimeshavutwa. Nikaweka ufito ardhini, nikasikiliza, na safari hii nilisikia kweli. Bomba la maji safi la inchi moja na nusu, linalokwenda kwenye bomba la mtaa, lilikatiza katikati ya chumba cha kwanza. Tukachimba kidogo upande wa pili. Bomba la maji taka lilipita chini ya msingi mara mbili, na chemba, lile shimo la kufungulia bomba linapoziba, ilikuwa mahali pa kitanda.

"Ndugu Balozi," Ta Anatoli akasema, "hamisha kwanza, jenga baadaye. Hili la udongo likilaliwa na ukuta litapasuka. Likipasuka, maji taka yatatafuta njia, na njia ya huku ni moja tu, kwenye chemchemi."

"Tena chemba ikiziba," nikaongeza, "itabidi tuje kuifungua ofisini, kikao kikiendelea."

Hiyo ya pili sikupaswa kuisema. Walikuwapo majirani kama kumi, wakacheka. Balozi akapanda juu ya rundo la mawe.

"Mabomba haya yalizikwa na mkoloni," akasema kwa sauti ile ya darasani. "Mtu huru hawezi kuzungushwa uani kwake na bomba la mkoloni. Naapa mbele yenu: bomba halihami, na mimi sirudi nyuma. Msingi unaanza Jumatatu ya kwanza nikishatoka semina."

Watu wakapiga makofi, kwa kuwa ilikuwa desturi. Ta Anatoli naye akapiga. Njiani nilimuuliza kwa nini.

"Ili nipate muda wa kufikiri," akasema.

Tulikwenda kwa Injinia wetu. Alikuwa kijana msomi, nadhifu, mwenye hofu ya watu wanaopanda juu ya mawe. Alitueleza utaratibu: bomba lililo ndani ya uwanja wa mtu halihamishwi bila kibali, kibali hakitolewi bila sahihi ya mwenye nyumba. Tuandike barua. Tukaandika. Ilibaki mezani kwake chini ya kikombe, nami nikawa naiona kila nikiingia, duara la chai linazidi kupanuka juu ya jina la Balozi.

Ijumaa, mke wa Balozi alikuja karakana. Ma Verediana alikuwa mwanamke mtulivu, mwembamba, anayesema kwa upole hata unainama kumsikia. Alibeba kikapu cha ndizi mbivu.

"Nimepita tu kuwasalimu," akasema. "Waitu, mko wazima?"

"Tuko wazima, Ma."

"Balozi anakwenda semina huko Muleba. Anaondoka Jumatatu na basi la kwanza. Inaisha Alhamisi, kwa hiyo Ijumaa atakuwa amerudi." Akatazama paa la karakana kana kwamba lina jambo geni. "Uani kwangu geti huwa halifungwi. Sisemi kitu. Nawaletea ndizi tu."

Akaondoka. Ta Anatoli alimenya ndizi moja, akaila yote, akalitupa ganda.

"Umesikia alichosema?"

"Amesema hasemi kitu."

"Vizuri. Sasa tafuta watu wa kuchimba, bila kusema kitu."

Sisi tulikuwa wawili, na mtaro ulikuwa wa kuzunguka uwanja mzima. Hapo ndipo Ma Elizabeti alipoingia. Huyu alikuwa jirani wa chini, Mlutheri, kiongozi wa kwaya, na kibanja chake cha migomba kilipakana na uani kwa Balozi. Watoto wa bintiye walikunywa maji ya ile chemchemi. Tulipomweleza hakutuacha tumalize.

"Jumatatu ni siku ya kujitolea," akasema. "Nitatangaza kazi ya maendeleo. Nani atakataa maendeleo?"

"Watauliza ni maendeleo gani."

"Mtaro wa afya. Ukiwaambia afya hawaulizi zaidi, wanaogopa kupewa sindano."

Lakini alipojua kwamba njia mpya ya bomba ingepita ndani ya kibanja chake, alitaka akaone kwa macho. Tukaenda kutazama. Migomba mitatu ilikuwa njiani kabisa, minene, mmoja una mkungu uliobakiza wiki chache.

"Hii nilipanda mwaka niliofiwa na mume wangu," akasema. "Hamwezi kupinda?"

Ta Anatoli alipima kwa macho, akapima kwa kamba, akapima tena. Nilijua anatafuta jibu la kumridhisha na halipo. Tungepinda kule juu, mteremko ungekufa.

"Haiwezekani, Ma," akasema.

Ma Elizabeti aliingia ndani. Tulidhani mambo yameishia hapo. Akatoka na panga, akaikata yote mitatu mwenyewe, ule wenye mkungu ukiwa wa mwisho. Kisha akasema ule mkungu utapikwa kwa ajili ya wachimbaji, na kama bomba hilo litavuja hata tone moja kibanjani mwake, atatutaja kwa majina kanisani.

Jumatatu basi la kwanza lilipoondoka tu, watu wakaanza kufika na majembe na sururu. Walikuwa karibu kwaya nzima, na Wakatoliki kadhaa ambao hawakutaka kusemwa. Ma Verediana aliwapikia ebitoke, ndizi zetu za kupika, kwenye sufuria kubwa na kuuliza kila mara, kwa mshangao mzuri sana, "Kwani hapa mnachimba nini?" Wanamjibu, "Afya, Ma." "Haya, asanteni."

Mabomba ya udongo tuliyapata nyuma ya karakana, yale yaliyokuwa yamekataliwa zamani kwa sababu ya rangi, si kwa ubovu. Ta Anatoli aliyagonga moja moja kwa ufunguo, akisikiliza. Bomba zima linalia kama kengele; lenye ufa linakohoa. Mabomba ya chuma ya maji safi tuliyakata hesi upya mimi na yeye, Jumatatu na Jumanne, mpaka viganja vikatoka malengelenge.

Jumatano mtaro uligonga mwamba. Mnaijua miamba ya Bukoba. Ulikuwa umelala kimya kati ya kibanja cha Ma Elizabeti na uzio, mpana kama mlango, na sururu zilirukaruka juu yake. Kuuzunguka hatungeweza. Kupita juu yake kungetupa bomba linalopanda mlima. Tulikaa chini. Mimi nilikwisha kuanza kutunga maneno ya kujitetea.

"Leteni kuni," Ta Anatoli akasema.

Tuliwasha moto juu ya mwamba Alhamisi tangu asubuhi, tukaulisha magogo hadi saa nane mchana, kisha tukaumwagia maji baridi, ndoo kwa ndoo, kwa mstari wa watu kutoka chemchemi. Mwamba ulipasuka kwa mlio ulioikatiza kwaya, iliyokuwa imeanza kuimba bila kuombwa. Tulishangilia. Tulisahau tu kwamba moshi unaonekana mbali. Na mmoja wa walioona moshi alikuwa Injinia wetu.

Alikuja kwa baiskeli, viatu vinang'aa, akasimama ukingoni mwa mtaro akitutazama sisi, mabomba, na watu thelathini wenye masizi usoni.

"Projestus," akaniita, "kibali kiko wapi?"

Nikamtazama Ta Anatoli. Alikuwa ndani ya mtaro, ameegemea sururu, anatafuna kahawa yake polepole.

"Kazi hii haihitaji kibali, Ndugu Injinia," akasema. "Ni dharura. Kanuni zinaruhusu. Bomba la mtaa linavuja."

"Linavuja wapi?"

Ta Anatoli akatazama huku na huku, kama mtu anayetafuta miwani yake. Halafu akainua sururu, akalipiga lile bomba la zamani la maji safi, pale mtaro ulipolikatiza, pigo moja tu. Maji yakaruka juu kuliko uzio, yakamwangukia Injinia kuanzia kichwani.

"Hapa," akasema.

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko mwamba. Mwalimu mmoja wa kwaya aliingia migombani, tukasikia majani yanatikisika. Injinia alitoa leso, akajifuta miwani, akaivaa, akaona vizuri kabisa kilichotokea.

"Rekebisheni," akasema. Akapanda baiskeli.

Baada ya hapo hatukuwa na njia ya kurudi. Bomba la mtaa lilikuwa limekatika na wanawake wa bondeni walikuwa wamesimama na ndoo tupu. Tuliunganisha bomba jipya la maji safi alasiri ile ile. Nilipofungua koki na kuona kiungio kimekaa kikavu, nilikaa chini topeni. Ma Elizabeti alidhani naumwa.

Lakini bomba la maji taka lilikuwa bado. Ijumaa asubuhi tulikuwa tumelaza nusu tu, na Ijumaa ndiyo siku Balozi alipaswa kurudi. Kila basi lililopiga honi barabarani, watu thelathini waligeuza shingo pamoja. Basi la saa nne halikumshusha. La saa nane halikumshusha. Jioni Ma Verediana alisema labda njia imeharibika kwa matope. Sisi tukayashukuru matope ya Muleba kwa moyo wote.

Jumamosi tulimaliza. Tulijenga chemba mbili mpya nje ya kamba za msingi, ambapo mtu anaweza kuzifungua bila kumwamsha mgeni. Tukamwaga kwenye chemba ya juu ndoo za maji yaliyochanganywa na udongo mwekundu, Ta Anatoli akaenda kulala kifudifudi kwenye mdomo wa bomba kule bondeni. Nilingoja, nasikia moyo wangu kuliko maji. Mara nikamsikia anapiga kelele kwa Kihaya maneno ambayo mtu wa misa ya kila asubuhi hapaswi kuyajua. Maji mekundu yalifika yote, yakitembea pamoja. Ile chemba ya zamani tuliijaza mawe na udongo, tukaishindilia. Tukafukia mtaro, tukarudisha majani juu yake.

Balozi alirudi Jumapili baada ya misa. Alisimama uani muda mrefu, mikono nyuma. Majirani wakaanza kukusanyika mmoja mmoja, kila mtu na kisingizio chake. Mimi nilikuwa nimekuja kurudisha sufuria. Aliitazama michirizi ya udongo mpya, chemba mbili, na pengo la migomba mitatu kibanjani kwa jirani. Kisha akapanda juu ya rundo lile lile la mawe.

"Nilipoondoka," akasema, "niliacha maelekezo."

Akatutazama mmoja mmoja.

"Niliacha maelekezo kwamba afya ya chemchemi yetu ilindwe kwa nguvu za wananchi wenyewe. Nimerudi, nimekuta mmetekeleza. Bomba la mkoloni lilikuwa pale," akaonyesha kwa kidole. "Sisi hatukulihamisha. Tumelitupa! Tumejenga la kwetu!"

Tulipiga makofi, safari hii kwa dhati. Ma Elizabeti alipiga kuliko wote, akiuma midomo. Msingi ulianza kesho yake. Vyumba viwili vilisimama kabla ya mvua, na mama yake Balozi akaletwa. "Ofisi" ilipata kitanda, mkeka, na kigoda cha bibi kizee, na vikao viliendelea kufanyika chini ya paa la jikoni kama zamani. Chemchemi ilibaki safi. Niliionja mwenyewe kila wiki mwezi mzima, jambo ambalo siwashauri.

Injinia hakutusema kwa neno lolote. Alingoja wiki tatu, akaandika barua. Ta Anatoli aliambiwa akapumzike, kwa kuwa umri wake umefika. Ulikuwa umefika miaka miwili nyuma. Mimi niliambiwa nahitajika haraka Muleba kwenye miradi ya vijiji, na neno "haraka" lilipigiwa mstari. Nilihama na kitanda, mke, na ufito wa chuma ambao Ta Anatoli aliniachia mlangoni bila kuaga, kwa kuwa hakupenda kuagana. Alifariki mwaka uliofuata. Nilifika nikiwa nimechelewa mazishi kwa siku moja, na hilo bado linaniuma.

Muleba ilinipa miaka mizuri kabla sijarudishwa Bukoba. Tulilaza mabomba kutoka vijito vya mlimani hadi vijiji ambavyo havikuwahi kuona koki, na wazee waliifungua na kuifunga kutwa nzima kuona kama kweli inatii. Mahali pale nilikaa mpaka watoto wangu wakaanza kusema Kihaya cha huko na kunicheka cha kwangu.

Huko ndiko Balozi Kalikawe alikonikuta. Mama yake alifia Bakoba, katika chumba kile, amezeeka na kushiba siku, wakamleta kumzika kwenye kibanja cha ukoo. Nilikwenda msibani, nikashinda nao mpaka siku ya kuanua tanga. Siku hiyo watu walipopungua, Balozi aliniita nikae karibu naye kwenye mkeka. Mvi zilikuwa zimemjaa. Sauti ilikuwa imeshuka, sasa ilifika nyumba ya jirani tu. Ma Verediana alikuwa karibu, anapanga vikombe.

"Mama alikunywa maji ya chemchemi ile miaka yote," akasema. "Hakuugua tumbo hata siku moja."

"Tunamshukuru Mungu, Balozi."

"Jishukuru na wewe mwenyewe kidogo." Akanipa punje za kahawa. "Unajua semina ile iliisha lini?"

"Alhamisi."

"Alhamisi saa sita mchana. Mabasi yalikuwapo. Barabara ilikuwa kavu, hapakuwa na tope hata la kupaka kiatu. Nilikaa kwa shemeji yangu Kamachumu siku tatu, na shati moja, nikila chakula chake na kumweleza siasa, mpaka akaanza kuniuliza kwangu kuna ugomvi gani."

Nilimtazama. Nilitoa punje ya kahawa mdomoni.

"Ulijua?"

"Nilikwisha kuapa mbele ya watu, Projestus. Ningesemaje? Na mama alikuwa anakuja kunywa maji yale. Nilipanda basi la Jumatatu nikimwomba Mungu muwe wakaidi."

Sitawaficha, nilijisikia kama mtu aliyenyang'anywa kitu. Miaka yote ile, kila kazi ilipokuwa ngumu, nilijitia moyo kwa kukumbuka kwamba mimi na Ta Anatoli tuliwahi kumzunguka Balozi Kalikawe mchana kweupe. Nilikuwa nimewasimulia wanangu. Nilikuwa nimewasimulia baadhi yenu.

"Na nani alikwambia usirudi Ijumaa, kwamba tulikuwa hatujamaliza?" nikauliza.

Balozi alimtazama mkewe. Ma Verediana aliendelea kupanga vikombe, akikifuta kimoja ambacho kilikuwa kisafi.

"Nilimtumia salamu tu kwa dereva wa basi," akasema kwa upole, hata nikainama kumsikia. "Nilisema mafundi ni watu wazuri, ila wanachimba polepole."

"Polepole?" Nilisimama kabisa, msibani, mbele ya wazee. "Ulikuwa mwamba, Ma Verediana! Mwamba mpana kama mlango! Tuliupasua kwa moto!"

"Ndiyo, waitu," akasema, akinimiminia kahawa. "Kaa unywe."